Filamu ya Matusi, Mchezo Usio na Tusi

Kama nyumbani una mtoto wa shule ya msingi, filamu ninayoizungumzia leo si yake. Nalisema mapema tusije tukalaumiana. Inaitwa South Park: Bigger, Longer & Uncut. Ilitoka Marekani Juni 1999, na ingawa ni ya vikatuni vinavyoimba, Trey Parker na Matt Stone waliitengeneza kwa ajili ya watu wazima. Guinness iliwahi kuipa rekodi ya matusi kati ya filamu zote za vikatuni: maneno machafu 399, ishara chafu 128 na vitendo vya ukatili 221. Namwonea huruma aliyepewa kalamu na daftari ahesabu.

Kisa chenyewe hakina mafumbo. Wavulana wanne wa mji mdogo wa milimani, Colorado, wanataka kutazama filamu ya wachekeshaji wawili wa Kanada. Mlangoni wanazuiwa kwa sababu ya umri, basi wanamhonga mtu asiye na makao awaingize kama mlezi wao. Wanatoka humo na msamiati mpya, na muda si muda shule nzima imeambukizwa. Mama mmoja, Sheila Broflovski, anapiga mbiu. Haulizi tiketi ziliuzwaje. Haketi na mwanawe wakaongea. Anaunda kundi la akina mama, kundi linageuka vuguvugu, wachekeshaji wanakamatwa na kuhukumiwa kifo, na Marekani inaingia vitani na Kanada. Mtoto mmoja anapandikizwa kichwani kidude cha kumpiga shoti ya umeme kila anapotukana. Huko kuzimu, Shetani na Saddam Hussein wanangoja damu ya wachekeshaji imwagike ardhini ili mlango wa dunia uwafungukie. Na haya yote yanaimbwa, kwa nyimbo ambazo Parker na Marc Shaiman walizitunga kwa ufundi wa michezo mikubwa ya muziki ya jukwaani.

Akina mama wale wana masikio makali sana ya kusikia neno chafu, ila macho yao hayaoni bunduki. Hilo ndilo lililowachekesha watunzi, na kabla filamu haijatoka likawatokea wao wenyewe. Jina la kwanza la filamu lilikuwa na neno la Kiingereza la jehanamu, likakataliwa. Wakaleta jingine lenye mzaha wa chumba cha kulala ambao mtu mzima yeyote anauelewa, likapita bila swali. Bodi ya Marekani inayopanga filamu kwa umri iliirudisha filamu mara kadhaa, ikishughulika na maneno kuliko maiti, na ikaipa daraja la kuingia kumbi za kawaida muda mfupi tu kabla ya kutolewa. Machi 2000, wimbo wake mmoja, Blame Canada, ulipokuwa ukishindania tuzo ya Oscar, Robin Williams aliingia jukwaani na utepe wa gundi mdomoni, akaubandua, akaimba. Lilipofika neno ambalo televisheni isingelivumilia, kwaya iliyokuwa nyuma yake ilivuta pumzi kwa mshtuko na neno likamezwa humo. Dunia nzima ilijua ni neno gani.

Mimi mtu wa Shinyalu, mambo ya Kanada yananihusu nini? Nayaleta kwa sababu kaunti yetu ya Kakamega imecheza mchezo huu mara mbili bila vikatuni, na mara zote mbili upande wa pili walikuwa wasichana waliovaa sare za shule.

Aprili 2025, Shule ya Wasichana ya Butere ilikuwa na mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, aliyewahi kuwa seneta wetu. Ni habari ya nchi ya kubuni inayotoka vitani, vijana wa enzi ya mitandao, na wakubwa wasiotaka kuwasikia. Vizuizi vikaanza, watu wakaenda mahakamani, na Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu ya Kisii akaamuru mchezo uruhusiwe katika tamasha la kitaifa la drama mjini Nakuru. Usiku wa Aprili 9, Malala alikamatwa akijaribu kuwafikia wanafunzi. Asubuhi yake wasichana wakapelekwa ukumbini katika Shule ya Wasichana ya Kirobon. Hapakuwa na vifaa vya sauti. Hapakuwa na mapambo ya jukwaa. Watazamaji walikuwa wamezuiwa nje, ambako polisi walikuwa wakirusha vitoa machozi. Wasichana wakaimba Wimbo wa Taifa, wakashuka, wakaondoka.

Sikusikia mtu yeyote, hata miongoni mwa waliouzuia, akidai kwamba mchezo ule una tusi. Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alilalamika kwamba Malala si mwalimu na hana kazi shuleni. Hoja hiyo nitairudia, maana ina uzito kidogo. Lakini itazame picha nzima. Filamu yenye matusi 399 iliruhusiwa kuonyeshwa Marekani kwa sharti la umri. Mchezo wa shule usio na tusi hata moja uliletewa polisi.

Halafu kuna jambo linalonichekesha kwa uchungu. Kwa miaka kadhaa, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne uliwauliza watoto wetu maswali kuhusu Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. Waliomaliza shule katika miaka hiyo wanaijua kama mfuko wao: Majoka anayeitawala Sagamoyo kwa mabavu, soko la Chapakazi linalofungwa, Tunu na wenzake wanaoandamana, Sudi mchongaji asiyenunulika. Watoto waliulizwa wathibitishe udikteta wa Majoka, alama kumi, na mwalimu aliwasahihisha kwa kalamu nyekundu wakisahau hoja moja. Kabla ya hapo, katika somo la Kiingereza, walisoma Betrayal in the City ya Francis Imbuga, mwana wa Vihiga hapa jirani, ambamo wafungwa wanaandaliwa kuigiza mbele ya mtawala na mazoezi yanageuka mapinduzi. Serikali ilivipitisha vitabu hivyo na ikachapisha maswali. Kwa hiyo msichana wa Butere anaruhusiwa kumjua dikteta akiwa ameketi, kimya, akiandika. Taabu inaanza akisimama na kumsema kwa sauti.

Hawa wa 2025 hawakuwa wa kwanza. Mwaka 2013 shule hiyohiyo ilikuwa na Shackles of Doom, kazi ya Malala huyohuyo. Ilipigwa marufuku kwa madai kwamba inachochea ukabila, mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda kortini, na marehemu Jaji David Majanja akaufungulia mchezo mlango. Miaka 12 ikapita, na wale wanaozuia walikuwa hawajajifunza hata mbinu mpya. Ukirudi nyuma zaidi unafika Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, ambako wanakijiji walicheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kibali kikaondolewa, na siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akachukuliwa kwenda kizuizini bila kesi. Mwaka 1982 Kamiriithu walijaribu tena kwa mchezo wa nyimbo, Maitũ Njugĩra. Walipata mazoezi tu, na hata mazoezi yakajaza watu hadi yakasimamishwa. Ukumbi wao wa wazi ukabomolewa. Mchezo wa maneno unaweza kusomwa peke yako kitandani, ila wimbo watu wanaondoka nao, wanauimba wakipalilia na wakichota maji. Waliotuma wabomoaji walilielewa hilo vizuri kuliko wahakiki wengi.

Sasa niingie uwanjani kwetu.

Asubuhi ya kupiganisha mafahali, sauti ya isukuti inakufikia kabla hujaona kitu. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na ngozi ya kenge iliyokazwa juu yake. Pembe inalia. Fahali anakuja katikati ya vijana wenye matawi na filimbi, mwenyewe akipekua udongo kwa kwato, na mbele yao anatembea mwimbaji kiongozi. Huyo ndiye wa kumsikiliza. UNESCO iliiweka ngoma hii ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na maelezo yake ni ya heshima: harusi, mazishi, kuzaliwa kwa mtoto, sikukuu. Maelezo hayo hayakugusa yale ambayo kiongozi huimba alfajiri kabla mafahali hawajagongana. Kuna maneno pale ambayo hutayasema mbele ya mkweo. Mwenye fahali anasemwa, mke wa mwenye fahali anasemwa, mzee aliyekula pesa za kikundi anatajwa kwa jina na kwa ukoo, barabara ambayo kila uchaguzi hupimwa na kamba inaimbwa mpaka mheshimiwa aliyesimama kando anajikuna kichwa. Nyimbo za jando ndizo zilizokuwa kali zaidi, na wazee walizisikia wakiwa na mikono nyuma, kama hawasikii.

Hakuna aliyeita bodi. Utaratibu ulikuwapo, tena mkali, ila haukuwa wa marufuku. Ulikuwa wa saa na mahali. Wimbo wa alfajiri uwanjani ukiuimba saa nane mchana mezani kwa mama yako, utapigwa kofi na hakuna atakayekutetea. Mkwe akikaribia, mwimbaji anageuza ubeti bila kukosa mdundo. Watoto wadogo walifukuzwa pembeni (walirudi, naam, kama wale wavulana wa Colorado, kwa sababu mtoto akikatazwa kitu hupata njia). Jamii ilijua kwamba kuna vitu vinavyosemeka kwa wimbo tu, na ikavitengea uwanja.

Nisiupake asali uwanja huo. Kejeli yake mara nyingi ilimlenga asiye na nguvu: mjane, mwanamke asiyezaa, mgeni. Na siku hizi kuna ugonjwa mwingine ambao hakuna jaji anayeweza kuutibu. Ngoma inakodishwa. Mwanasiasa akija, kikundi kinaitwa, fulana zinagawiwa, bahasha inapita, na kiongozi yuleyule aliyeimba mashimo ya barabara anaimba jinsi mheshimiwa alivyo simba wa msitu wa Kakamega. Simlaumu sana. Waimbaji wanazeeka, ngoma ina gharama, vijana wanataka spika. Lakini kinywa kilicholipwa kimedhibitiwa tayari, tena bila kelele, bila kesi, bila kitoa machozi. Nchini Tanzania mwaka 2017 ilionekana sura nyingine ya ukarimu wa aina hii. Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake, Wapo. Siku ya pili Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo, msanii aachiliwe, na auboreshe kwa kuwataja pia wakwepa kodi. Wengi walishangilia. Mimi nilibaki nikifikiria wimbo ambao kabla haujaimbwa upya, mkuu wa nchi ameshauongezea ubeti.

Bodi yetu ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, ina kazi halali. Madaraja yake yanajulikana: ya watu wote, ya uangalizi wa wazazi, ya 16, ya 18. Hiyo ni saa na mahali kwa lugha ya serikali, na mzazi yeyote mwenye televisheni anaihitaji. Tatizo ni pale bodi inapoona madaraja hayatoshi. Juni 2017, chini ya mkurugenzi wake, Ezekiel Mutua, ilitaka vipindi sita vya vikatuni viondolewe hewani, vikiwamo Hey Arnold na Adventure Time, ikisema vinapenyeza ushoga kwa watoto. Aprili 2018 ikapiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ambayo mwezi uliofuata iliandika historia kwa kuwa ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes kama chaguo rasmi. Septemba mwaka huo Jaji Okwany, huyohuyo wa kesi ya Butere, aliisimamisha marufuku kwa siku saba, na Wakenya wakapiga foleni kwenye sinema za Nairobi. Filamu ya mapenzi ya msichana na msichana ambayo pengine ingeonyeshwa wiki mbili kwa watu wachache, ikawa tukio la taifa. Bodi haijawahi kulipwa ada ya matangazo, lakini ilistahili.

Kwa watu wa vijijini, hata hivyo, bodi ni jambo la mbali. Filamu za kigeni zilitufikia katika vibanda vya video, kwa sauti ya DJ Afro, ambaye huifasiri filamu hadi mwenyewe aliyeitengeneza asingeitambua. Adui anapewa jina la mtaani, mpenzi wa shujaa anakuwa binti wa mtu tunayemjua, na mazungumzo yasiyofaa yanarukwa au yanazidishwa kulingana na kicheko kinachotakiwa. Huo nao ni udhibiti wa aina yake, na pengine ndio pekee uliowahi kuifanya filamu mbaya iwe nzuri.

Sasa hoja ya Waziri. Malala si mwalimu, ni kweli. Si malaika pia. Alikuwa katibu mkuu wa UDA, chama tawala, hadi alipoondolewa mwaka 2024, na makali ya mchezo wake yalikuja baada ya kutoka mezani. Mzazi ana haki ya kuuliza kama wanafunzi wanatumiwa katika ugomvi wa wanasiasa. Ningekuwa na binti Butere ningeuliza, tena kwa ukali, na ningemuuliza Malala mwenyewe. Swali hilo lina pa kwenda: bodi ya shule, chama cha wazazi, waamuzi wa tamasha ambao wanaweza kuupa mchezo alama kidogo na kueleza kwa nini. Drama ya shule zetu ina ngazi, kutoka eneo dogo hadi taifa, na kila ngazi ina walimu waliobobea wanaojua kutofautisha mchezo wa sanaa na mchezo wa mahubiri. Wangeachiwa kazi yao. Badala yake polisi waligeuka waamuzi, na matokeo yake hakuna hata mmoja wetu anayejua kama Echoes of War ilikuwa kazi nzuri. Huenda ilikuwa ya kawaida tu. Michezo mingi ya tamasha ni ya kawaida. Waliouzuia wameupa heshima ambayo jukwaa lingeweza kuunyima.

Na usidhani waliogusa vikatuni wako salama zaidi kuliko waliogusa jukwaa. Mnamo Desemba 2024, Gideon Kibet, kijana anayejulikana mitandaoni kama Kibet Bull kwa picha zake za kivuli cheusi zinazomdhihaki Rais, alitoweka Nairobi, ndugu yake naye akatoweka, wakaonekana tena Januari 2025. Shinyalu jina hilo la fahali lilizungumzwa kwa utani wa kutisha: kwetu fahali akipotea, kijiji kizima hutafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huku Parker na Stone wakimwimbisha Saddam, vijana wa kundi la vichekesho la Redykyulass walikuwa wakimwigiza Rais Moi kwenye televisheni, sauti yake, rungu lake na yote, na wakarudi nyumbani kulala. Mmoja wao, John Kiarie, sasa ni mbunge wa Dagoretti Kusini. Kutoka kuigiza mkubwa hadi kuwa mkubwa ni safari fupi nchini Kenya, na ningependa kujua anavyoitazama leo picha ya kivuli.

Ninachokitaka ni kidogo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ina umri wa karibu sawa na uhuru wetu, na moyo wake ni wa kikoloni: kwanza omba ruhusa, ndipo useme. Ibakiziwe kazi ya umri. Bodi iandike 18 kwa herufi kubwa, iwatoze faini wenye kumbi wanaowaingiza watoto, kisha ikae. Kamati ya tamasha la drama iwe ya walimu, na askari wakija wanunue tiketi kama watu wengine.

Na kama bodi ina njaa ya kazi zaidi, kazi ipo, tena karibu. Ije Jumamosi yoyote kwenye mazishi ambayo wanasiasa wamealikwa, Shinyalu, Ikolomani, Lugari, popote. Isikilize wanavyotukanana kwa mama zao kupitia spika zinazosikika hadi mto wa tatu, huku padri akitazama saa yake na kamera zikirusha moja kwa moja. Mikutano hii haijawahi kupewa daraja. Mtoto wa miaka sita huketishwa mstari wa kwanza, kwa sababu ndiko hema lina kivuli.